Maswali ya Wasomaji: Suti Kavu kwa Mzamiaji Anayekwenda Maji ya Baridi

SWALI: Assalaam aleykum, Mhariri. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopiga mbizi katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Nimepata ajira ya msimu mmoja katika visiwa vya Orkney, Scotland, kwenye boti inayopeleka wazamiaji kutazama meli zilizozama Scapa Flow. Naambiwa kwamba huko karibu kila mtu huvaa suti kavu, yaani ile isiyopitisha maji ndani, nami sijawahi kuivaa hata mara moja. Mtandaoni nimeona moja ya neoprini, imeshatumika, na bei yake ni nafuu. Je, niiagize kabla ya kuondoka? Na kama haifai, nitafute ya aina gani?
Mzamiaji, Shella, Malindi

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yetu, na hongera kwa kupata kazi hiyo. Usiiagize. Suti kavu isiyokaa vizuri mwilini ni hatari hata ikiwa mpya, na hiyo ya mtandaoni hujaijaribu, hujaiona zipu yake wala hujaishika mipira yake ya shingoni na mikononi inayozuia maji yasiingie.

Maji uliyoyazoea, iwe kusi au kaskazi, huwa na joto la takriban nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi, na suti nyembamba ya mpira inakutosha. Scapa Flow maji huwa karibu nyuzi 6 mwishoni mwa majira ya baridi, na hata kiangazi kikikolea hayazidi sana nyuzi 14. Maji huuondolea mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, ndiyo maana mtu anaweza kutetemeka ndani ya maji yenye nyuzi ambazo nchi kavu angeziona za kawaida tu. Isitoshe, meli za kivita za Kijerumani utakazokwenda kuzitazama, zile zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 21 Juni 1919, zimelala kwenye kina kirefu, na nyingine zinafikia mita 45.

Kina hicho ndicho kinachoamua aina ya suti. Neoprini ni mpira uliojaa vipovu vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia baridi. Ukishuka mita 10 shinikizo huwa maradufu, na ukifika mita 30 huwa mara nne ya lile la juu ya maji, kwa hiyo vipovu hubanwa, suti inakuwa nyembamba, na baridi inaingia pale pale unapohitaji kinga zaidi. Uzito wa madini ya risasi ulioubeba juu ili uweze kuzama unakuwa mwingi mno chini. Neoprini ina sifa zake: inanyumbuka, inakaa vizuri, na hata ikiingia maji bado inakinga kiasi. Lakini ni nzito, inakawia kukauka, na mtu atakayezama siku baada ya siku kwa msimu mzima hatafurahi kuivaa ikiwa bado mbichi asubuhi.

Mimi ningekushauri suti ya kitambaa cha tabaka tatu, yaani tabaka la mpira usiopitisha maji lililobanwa katikati ya vitambaa viwili vya nailoni au poliesta. Ni nyepesi, hukauka upesi, na haibadiliki uzito wake majini kadiri unavyoshuka. Ipo pia neoprini iliyokwisha kubanwa kiwandani, ambayo ni imara sana kwa anayekwaruzana na vyuma vya meli, ila ni nzito zaidi. Suti za mpira mtupu waachie wazamiaji wa polisi na wa bandarini wanaoingia maji machafu, kwa kuwa husafishika kwa urahisi.

Kumbuka lakini kwamba kitambaa hicho chenyewe hakina joto lolote. Kazi yake ni kuzuia maji tu. Kinachokupa joto ni vazi la ndani na hewa inayotulia kati ya nyuzi zake. Ninawaona watu wanatumia fedha zote kwenye suti na kisha wanavaa ndani fulana na suruali ya pamba, jambo linalonisikitisha, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukuachia ubaridi mwilini. Nunua sufu au nyuzi za sintetiki za kugusana na ngozi, na juu yake vazi nene lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Bajeti ikibana, punguza kwenye suti, usipunguze hapo.

Ukifika dukani, vaa kwanza mavazi yote ya ndani, kisha suti, ufunge zipu. Chuchumaa mpaka chini. Piga goti moja. Jikumbatie mabega kwa mikono yote miwili, halafu inua mikono uinamishe nyuma ya kichwa kana kwamba unatafuta valvu ya mtungi. Suti ikikuvuta kwenye msamba au mabegani, ni ndogo. Ikiwa imebaki nafasi kubwa kwenye miguu na makalio, ni kubwa, na hewa itazunguka humo itakavyo. Hewa ikikimbilia miguuni unageuka kichwa chini miguu juu, wakati valvu ya kutoa hewa ndani ya suti iko kwenye bega la kushoto na sasa imekuwa upande wa chini. Usipojua kujikunja na kujibinua upesi, utapaa hadi juu bila kujizuia, na madhara yake kwa mapafu na damu unayajua.

Mpira wa shingoni uangalie kwa makini. Ukiwa wa lateksi, yaani mpira mwembamba unaonyumbuka, na unabana, hukatwa pete moja moja kwa mkasi mkali, mkato laini usio na meno, kwa sababu mchaniko mdogo tu ndio mwanzo wa kupasuka wote. Ukiuacha ukikaba, unaminya mishipa mikubwa ya shingo, na mtu anaweza kupata kizunguzungu au kuzimia majini. Mwenye mzio wa lateksi achague silikoni, ambayo pia hubadilishwa bila gundi ikiwa suti ina pete zake maalumu. Zipu ya mshazari kifuani itakuwezesha kujivalia mwenyewe. Ya mgongoni inahitaji mtu wa kukufungia.

Kabla ya kununua, kodi kwanza, na usome. Mafunzo ya suti kavu ya PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, kwa mfano, yana zoezi katika maji yaliyofungwa, kama bwawa la kuogelea, na mizamo miwili ya baharini, na mwajiri wako huenda akayadai. Muulize pia kuhusu regyuleta yako, kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi: chini ya nyuzi 10 inatakiwa iliyotengenezwa kwa maji ya baridi, kwa kuwa ya kawaida inaweza kuganda ndani na kuachia hewa mfululizo. Mapezi yako ya hapa huenda yasiingie kwenye buti za suti.

SWALI: Binti yangu amerudi Lamu kutoka Norway na suti yake kavu, na hataitumia tena mpaka mwakani. Joto letu na chumvi haviwezi kuiharibu?
Mama, Mkomani, Lamu

JIBU: Vinaweza, mama yetu, lakini inahifadhika. Aioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, pamoja na zipu na valvu, kisha aianike kivulini, ndani na nje, mpaka ikauke kabisa, maana unyevu wetu huleta ukungu. Mipira ya lateksi aipake poda isiyo na manukato. Zipu ya shaba ipakwe nta kwenye meno ya nje. Ya plastiki huwekwa grisi kidogo ya silikoni kwenye ncha yake ya kufungia tu.

Asiishike mipira hiyo akiwa na mafuta ya nazi au krimu ya jua mikononi, kwa kuwa mafuta huilainisha lateksi na kuiozesha. Aiweke chumba cha ndani chenye kuta nene, mbali na mwanga, na mbali na friji na jenereta, kwa sababu mota za umeme hutoa ozoni inayoipasua lateksi. Asiikunje zipu. Mwakani, kabla ya kufunga mizigo, avute mpira wa shingo kwa vidole taratibu. Ukiwa unanata au una nyufa ndogo, aubadilishe kabla hajaingia majini.