Baada ya Kusoma Kifungu: Kazi Zinazomrudisha Mwanafunzi kwenye Maandishi

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha Kiswahili sekondari, kipindi cha ufahamu kilikwenda kwa mtindo mmoja: mwanafunzi mmoja anasoma kwa sauti, wenzake wanafuatilia, kisha ninaandika ubaoni "Jibu maswali yafuatayo" na kusubiri madaftari. Niliridhika na vema nilizozitoa, mpaka siku nilipomuuliza msichana mmoja wa Kidato cha Pili, aliyekuwa amepata tisa kwa kumi, kifungu kilihusu nini. Alinitazama kwa heshima zote, akaomba ruhusa ya kufungua daftari.

Wiki iliyofuata niliwatega. Niliandika ubaoni: "Mdolozi aliyafwindua mafirifiri yote yaliyokuwa kwenye kibwandu." Nikauliza ni nani aliyeyafwindua mafirifiri, na mafirifiri hayo yalikuwa wapi. Mikono ikainuka darasa zima, na kila jibu likawa sahihi. Hakuna aliyejua kama mdolozi ni mtu au mnyama, wala kama kibwandu ni chungu au kilima, kwa kuwa maneno hayo niliyabuni mimi usiku uliotangulia. Ngeli na upatanisho wa kisarufi viliwatosha kuokota jibu. Maswali mengi niliyokuwa nikiyatunga yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Tangu hapo, kila kazi ninayoiweka kwenye andalio la somo ninaipima kwa kujiuliza kama mwanafunzi anaweza kuimaliza kwa kunakili tu.

Kazi iliyonifaa kuliko zote ni kuwaachia wanafunzi watunge maswali wenyewe. Wanaoketi dawati moja hutunga matatu: la kwanza ni lile ambalo jibu lake linaweza kuguswa kwa kidole katika mstari mmoja, la pili linamtaka msomaji aunganishe aya mbili, la tatu halijibiwi na kifungu, ingawa aliyekisoma vizuri angetamani kulijua. Kisha madawati hubadilishana maswali. Nilipoifanya kazi hii kwa kifungu kuhusu Vita vya Maji Maji, aya ya pili ilieleza kwamba Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, alinyongwa Agosti 1905, na aya ya mwisho ikasema kwamba vita viliendelea hadi 1907. Dawati la nyuma kabisa, ambalo kwa kawaida hulisikia kwa minong'ono tu, likauliza: "Ikiwa mwenye maji alinyongwa, waliobaki walipigana kwa kuamini nini?" Darasa lilinyamaza, kisha karatasi zikaanza kufunuliwa kurudi aya ya kwanza, iliyozungumzia kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na ubishi uliofuata ulikula kipindi chote. Sikuujutia.

Kazi ya pili ninaiita kiti cha shahidi. (Nakushauri usiiite kiti moto, darasani kwangu jina hilo liliwakumbusha nyama ya nguruwe, na robo ya kipindi ikaishia kwenye vicheko.) Mwanafunzi mmoja huketi mbele akiwa mhusika wa kifungu, kwa mfano mkulima wa Umatumbi, eneo vilikoanzia Vita vya Maji Maji, na wenzake humhoji. Kanuni ni moja: yeyote anayelitilia shaka jibu husema "Mstari!", na shahidi hana budi kuonyesha mahali alipolitoa, au akiri kwamba amelikisia na aeleze kwa nini anaona linaelekea kuwa kweli. Bila kanuni hiyo kazi hugeuka maigizo, na maigizo nimeyapunguza sana, maana wanafunzi wangu huchekeshana vizuri huku kifungu kikiwa kimesahaulika tangu dakika ya tatu.

Kwa ufupisho, badala ya kudai mara moja maneno 60, ninataka kwanza 60, kisha 30, kisha 12. Ni katika hatua ya mwisho ndipo hoja kuu inapojitenga na mapambo yake, kwa sababu wanafunzi hugombania kila neno kama nauli ya mwisho mfukoni. Vipande vya karatasi vya kupanga matukio kwa mfuatano ni vizuri pia kwa madarasa ya chini, lakini kwa Kidato cha Tatu kwenda juu huwachosha haraka.

Najua kipindi ni dakika 40 na madarasa yetu yamejaa. Usijaribu kuzifanya kazi hizi zote siku moja. Chagua moja, na uache dakika tano za mwisho ziwe za kuandika kimya, kwa kuwa wapo wanafunzi wenye mawazo mazuri ambao hawatasema neno mbele ya wenzao. Mimi huwapa mwanzo wa sentensi, "Nilidhani..., kumbe...", nao huimalizia kwenye kipande cha karatasi na kutaja namba ya aya iliyowabadilisha. Vipande 68 ninavimaliza wakati wa chai ya saa nne, jambo ambalo madaftari 68 hayajawahi kuniruhusu. Siku ile ya Maji Maji, yule msichana wa tisa kwa kumi aliandika: "Nilidhani vita vililetwa na maji, kumbe pamba ilikuwa imetangulia, aya ya 1."