Viza ya startapu kutoka Lubumbashi: barua ya inkubeta kwanza, ubalozi mwisho

SWALI

Niko Lubumbashi, komuni ya Kampemba. Mimi na mwenzangu tumetengeneza programu ya simu inayowaonyesha wenye malori hali ya foleni Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, na makaratasi ya dwani (forodha) yanayokosekana kabla lori halijafika mpakani. Tayari kuna wateja wanaolipa. Nina lisansi (shahada ya chuo kikuu), nina dola 14,000 benki, nina mke na watoto wawili. Tunataka viza ya startapu, Kanada au Ufaransa. Kuna mtu anaomba dola 2,500 atuandikie mpango wa biashara na kutuhakikishia viza. Tumlipe? Na tuanzie wapi?

JIBU

Ndugu, msimlipe. Viza inatolewa na serikali inayowapokea, na hakuna mtu wa kati anayeweza kuihakikisha. Halafu mpango wa biashara ulioandikwa na mtu asiyeijua Kasumbalesa utawaangusha kwenye swali la pili la mahojiano, pale mtakapoulizwa kwa nini mteja wa tatu alilipa na wa nne akakataa.

Kanada iwekeni kando. Programu yake ya startapu ilitaka barua ya shirika lililoidhinishwa: mfuko wa uwekezaji unaoweka angalau dola za Kanada 200,000, au kundi la wawekezaji binafsi wanaoweka angalau 75,000, au inkubeta, yaani taasisi inayolea kampuni changa, iliyokupokea. Aprili 2024 kila shirika likawekewa kikomo cha maombi 10 kwa mwaka, maana foleni ilikuwa imekuwa ndefu kupita kiasi. Mwishoni mwa 2025 maombi mapya yakaacha kupokelewa, isipokuwa ya wale waliokwisha kupata barua mwaka huo. Anayewauzia njia hiyo leo anawauzia mlango uliofungwa.

Na kwa kuwa watu wengi huchanganya: ukaazi wa kidijitali wa Estonia, ule ulioanza 2014, si viza. Unakupa kitambulisho cha kufungulia na kuendeshea kampuni kwa intaneti. Haukupi ruhusa ya kupanda ndege.

Inabaki Ufaransa, nayo inawafaa kwa sababu moja ya wazi: karibu makaratasi yenu yote tayari ni ya Kifaransa, hamtalipa mtafsiri. Kibali mnachokitafuta kinaitwa "talent – porteur de projet" (zamani "passeport talent"). Kinaweza kufikia miaka 4, kinaongezwa, na mke hupata kibali cha familia kinachomruhusu kufanya kazi.

Kina milango miwili mikubwa kwa mwanzilishi wa kampuni. Wa kwanza unataka shahada ya masta au uzoefu wa kazi wa miaka 5, pamoja na euro 30,000 za kuwekeza. Huo si wenu kwa sasa. Wa pili ni wa mradi wa kibunifu: hauulizi diploma, unauliza kama mradi umetambuliwa. Njia inayojulikana ni ile ya French Tech, mpango wa serikali ya Ufaransa wa startapu, iliyoanza 2017. Mnaomba nafasi kwenye inkubeta iliyo kwenye orodha ya washirika wake. Mkikubaliwa, inaombwa hati ya Wizara ya Uchumi ya Ufaransa inayotambua ubunifu wa mradi. Hati hiyo mkononi ndipo mnajaza fomu ya viza ya muda mrefu kwenye tovuti ya France-Visas. Wengi wanaanza kinyume: wanatafuta nafasi ya miadi Kinshasa kabla hawajaandikia inkubeta hata moja, kisha wanashangaa dosie inarudi. Afisa wa viza hana kazi ya kupima programu yenu ya simu. Anataka kuona kwamba wenye kazi hiyo wamekwisha kuipima.

Sasa, penye ugumu wenyewe. Inkubeta ya Paris au Lyon itawauliza: malori yako Kasumbalesa, wateja wako Lubumbashi na Kolwezi, kampuni ikae Ufaransa kwa nini? Mkijibu "kwa sababu soko la huko ni kubwa" mmekwisha. Mkijibu "intaneti ni nzuri" mmekwisha zaidi. Lazima kuwe na mteja, mshirika au sheria inayoifanya Ulaya kuwa mahali pa lazima pa biashara yenu.

Nanyi mnayo, pengine bila kujua. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu betri, namba 2023/1542, inawadai wanaoingiza betri sokoni huko wachunguze asili ya kobalti, lithiamu, nikeli na grafiti. Wajibu huo wa uchunguzi ulisogezwa hadi Agosti 2027. Kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme zinatakiwa kuwa na pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya kielektroniki ya taarifa za betri. Malori ya kobalti yanapita Kasumbalesa, nanyi mnajua lori gani lilitoka wapi, lilibeba nini, lilisimama wapi na kwa karatasi ipi. Rekodi hiyo, ikipangwa vizuri na kuwekwa kwa idhini ya wenye malori, inaweza kuuzwa kwa mnunuzi wa Ulaya anayehitaji ushahidi wa njia madini yaliyopitia. Hapo kampuni ya Ufaransa inayo sababu, na ile ya Lubumbashi inabaki kuwa mikono yake huku kwenye malori. Kabla ya kuandika lolote, tafuteni mnunuzi mmoja wa Ulaya aseme kwa barua kwamba yuko tayari kujaribu. Barua moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa 40 za makadirio.

Kwa inkubeta, wasilisho la kurasa 10 hadi 12 linatosha. Wekeni idadi halisi ya wanaolipa, wanalipa kiasi gani kwa mwezi, wangapi wameacha na kwa nini. Andikeni fedha kwa euro, na mtaje kiwango cha kubadilishia mlichotumia.

Fedha za kuishi: kila mwanzilishi anatakiwa aonyeshe uwezo unaolingana na mshahara wa chini wa Ufaransa wa mwaka mzima. Kwa 2025 ulikuwa euro 1,801.80 kwa mwezi kabla ya makato, yaani euro 21,621.60. Dola zako 14,000 hazifiki, na mwenzako naye anahesabiwa peke yake. Pengo linaweza kuzibwa na ruzuku iliyoandikwa au mkataba wa mwekezaji. Msilizibe kwa kukopa kwa shemeji dola 10,000 na kuziingiza benki wiki moja kabla ya kuomba. Taarifa ya akaunti inasomwa kwa miezi, na kiasi kinachotua ghafla bila maelezo kinaharibu hata zile 14,000 zilizokuwa safi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka mwekezaji aulize: programu ni ya nani? Kama rafiki aliwaandikia sehemu ya msimbo wa programu kwa malipo ya mkononi, mtafuteni leo asaini hati ya kuwaachia haki. Kama haki ziko kwa SARL (kampuni yenye dhima yenye kikomo) yenu ya Lubumbashi, kampuni mtakayofungua Ufaransa itahitaji mkataba wa leseni nayo. Kule wengi huchagua SAS (aina ya kampuni ya hisa), ambayo mtaji wake unaweza kuwa euro 1. Mtaji mdogo hauzuii kuandikishwa, ila hauwapi heshima yoyote mbele ya benki.

Familia ndiyo inayochelewesha dosie za kwetu. Ndoa ya kimila isiyoandikishwa kwa afisa wa hali ya raia haitamfikisha mke Ufaransa. Mtoto ambaye hakuandikishwa ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa anahitaji kwanza hukumu ya mahakama, ndipo cheti kitolewe. Ubalozi unaweza kukipeleka kikahakikiwe kwenye rejista, na hapo miezi inapita. Anzeni na vyeti hivyo sasa, sambamba na inkubeta. Kongo haimo kwenye mkataba wa apostili (muhuri mmoja unaokubalika kati ya nchi wanachama), kwa hiyo karatasi inayodaiwa kuthibitishwa inapitia Wizara ya Mambo ya Nje, Kinshasa.

Ombi la viza ya muda mrefu linapokelewa mapema kabisa miezi 3 kabla ya safari, na ada ni euro 99 kwa mtu. Alama za vidole zinachukuliwa Kinshasa, kwa hiyo wekeni kwenye bajeti ndege ya kwenda na kurudi na usiku kadhaa wa kulala. Viza ikitoka ni ya miezi 3 tu: baada ya kufika mna miezi 2 ya kuomba kadi yenyewe kwa intaneti. Ukichelewa hapo, barua zote za inkubeta hazikusaidii.

Mwisho, majina. Fomu za Ufaransa hazijui "postnom", lile jina linalofuata jina la ukoo kwenye karatasi zetu. Andika jina kama lilivyo kwenye mistari miwili ya chini ya pasipoti, herufi kwa herufi, halafu linganisha na RCCM (rejista ya biashara), taarifa ya benki, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Mahali panapotofautiana, omba masahihisho hapo hapo Lubumbashi kabla dosie haijaondoka.