Bamvu, paneli ya sola na upondo uliopinda

Mkulima wa mwani, Paje: Mwezi ni mmoja, mbona maji hujaa mara mbili kwa siku? Na jua je, halivuti?

Swali hili nimelipenda mno. Mvuto hupungua kadiri umbali unavyozidi. Mwezi huyavuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na dunia huvutwa kuliko maji ya upande wa pili. Ya mbele yanatangulia, ya nyuma yanabaki, bahari inatuna pande zote mbili. Dunia ikizunguka, Paje hupita kwenye kila uvimbe mara moja. Mwezi nao unasogea, ndiyo maana maji yakijaa leo saa kumi jioni, kesho huchelewa kama dakika 50.

Jua linavuta pia. Uzito wake ni kama mara milioni 27 ya mwezi, lakini liko mbali kama mara 390, na nguvu ya kujaza maji hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Piga hesabu: linabakiwa na chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, vyote viwili huvuta mstari mmoja. Hilo ndilo bamvu lako, maji yanajaa sana kisha yanakupwa mbali na vigingi vyote vya mwani vinaonekana. Karibu na tarehe 7 na 22 za mwezi mwandamo huvuta kwa pembe mraba, yakawa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.

Baba, Wete: Mwanangu kaiweka paneli ya sola mbele ya jiko la kuni usiku, simu haikuchaji. Moto si una joto?

Mpongeze, amefanya jaribio la kweli. Paneli hutumia mwanga, si joto, na mwanga huja kwa vipande viitwavyo fotoni, kama alivyoeleza Einstein mwaka 1905. Kila elektroni ya silikoni, kitu kilichotengenezea paneli, inataka fotoni moja yenye nguvu ya kutosha kuing'oa. Fotoni za kuni nyingi ni dhaifu, na hata zikija milioni hazichangiani. Tena paneli ikipata moto umeme hupungua, kwa hiyo ukiifunga juu ya bati acha nafasi upepo upite.

Mwanafunzi, Chake Chake: Kwa nini upondo, ule mti wa kusukumia chombo, huonekana umevunjika majini?

Mwanga ukitoka majini kwa mshazari hupinda, jicho likadhani umekuja moja kwa moja. Tia sarafu bakulini, rudi nyuma hadi ukingo uifiche, kisha mwenzio atie maji polepole. Utaiona sarafu ikichomoza, na hakuna aliyeigusa.