Baiskeli ya mlimani au ya resi kwa mtu wa kawaida? Anza na tairi

Hili swali naulizwa sana na kwa kuwa nimezitumia zote mbili kwa muda mrefu, ya mlimani na ya resi, ngoja niliandike mara moja nikimaliza nimemaliza. Naongea na mtu wa kawaida hapa, anayetaka kwenda kazini na kurudi, jioni azunguke kidogo anyooshe miguu, wikiendi akanyage na wenzake bila kukimbizana na mtu.

Wengi wakienda kununua wanaanza kuangalia fremu, rangi, na kuuliza ina gia ngapi. Mi nasema inama kwanza uangalie tairi. Ya resi siku hizi ina upana wa milimita 25 mpaka 32 hivi, ya mlimani inaanzia kama inchi 2 mpaka 2.4, yaani milimita 50 na kitu kwenda juu, karibu mara mbili, na sehemu kubwa ya tofauti utakayoisikia mwilini inatoka hapo wala sio kwenye fremu. Tairi nyembamba lazima uijaze upepo mwingi, ile ya 25 inaweza kufika psi 80 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo ndani ya tairi) na zaidi kutegemea uzito wako, sasa kwenye lami nzuri inakwenda yenyewe, unakanyaga kidogo unaenda mbali, raha tupu, ila lami ikiisha tu kila kijiwe unakisikia kwenye viganja na mabega, na kwenye mchanga usukani unakuhangaisha. Tairi nene inakaa vizuri na psi 30 hivi, inabonyea ikikutana na jiwe afu inarudi, we hapo juu umetulia.

Na upepo usiuchukulie poa, kwa tairi yoyote ile. Ukigonga ukingo wa shimo wakati upepo uko chini, tyubu inabanwa kati ya rimu na huo ukingo, ukija kuifungua unakuta vitobo viwili vidogo vimekaa pamoja sambamba, kimoja huku kimoja huku. Ukiona hivyo viwili usihangaike kutafuta mwiba kwenye tairi, hakuna mwiba, ni upepo ulikuwa mdogo. Na tairi nyembamba ndo inaadhibiwa zaidi kwasababu haina kimo cha kuilinda rimu.

Ila tairi nene yenye meno makubwa nayo ukiipeleka kwenye lami inavuma njia nzima, vuuu, na ule mvumo ni nguvu zako zinapotea pale, kila jino linapinda likigusa lami na kujinyoosha likiachia. Unafika umechoka kuliko ulivyotakiwa kuchoka na unaanza kusema baiskeli ni nzito, kumbe tairi tu. Meno yale yametengenezwa kung'ata tope na udongo laini, lami haina cha kung'atwa.

Hapa ndo penye hoja yangu kubwa. Baiskeli ya mlimani ukiivua hizo tairi za meno ukaivalisha laini, za inchi 1.5 mpaka 2, inabadilika kabisa, inakuwa nyepesi kukanyaga kwenye lami na bado kwenye vumbi na mashimo inapita. Ya resi huwezi kuigeuza hivyo, nyingi fremu na breki haziachi nafasi, ukilazimisha tairi nene inasugua au haiingii kabisa. Kwahiyo moja inakuachia mlango wazi na nyingine inaufunga, na mtu ambaye bado hajajua atapenda njia gani ni bora achukue ile yenye mlango. Ukienda kununua hizo tairi soma namba ndogo ubavuni, kitu kama 50-622, ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha rimu inapokaa tairi, vyote kwa milimita. Rimu ya inchi 29 ya mlimani na ile ya 700c ya resi zote ni 622, ya 27.5 ni 584, ya 26 ni 559. Hiyo namba ya pili isipofanana na ya rimu yako usinunue hata muuzaji aape.

Shokapu sasa. Baiskeli ya bei ya chini yenye shokapu mbele na nyuma iache, nakuomba. Inavutia macho lakini shokapu za springi za bei hiyo ni nzito, na ukipanda mlima kila ukikanyaga baiskeli inadidimia badala ya kwenda mbele, tena baada ya muda zile bushi za nyuma zinalegea inaanza kucheza. Tafuta yenye shokapu ya mbele tu, iwe na kitufe cha kuifunga ukiwa kwenye lami, au isiyo na shokapu kabisa, tairi nene peke yake inatosha kwa mizunguko ya kawaida.

Idadi ya gia haina maana sana, angalia meno ya gia zenyewe, za mbele na za nyuma. Mlimani unaweza kukuta mbele 32 na nyuma kubwa inafika 46 au zaidi, kwahiyo kilima kikali unakipanda umekaa. Resi nyingi mbele ndogo ni 34 na nyuma inaishia 28 mpaka 34, magoti yatakuambia.

Lakini resi siisemi vibaya, naipenda. Kama njia yako yote ni lami na unapenda kwenda kilomita 40, 50 kwa mkupuo, chukua resi bila kusita, ila hakikisha inapokea tairi ya milimita 32. Ukipita kama kilomita 20 kwa saa upepo unaokupiga usoni ndo unakuwa mzigo mkubwa, na kule kuinama kwenye resi kunakusaidia kweli, halafu ule usukani uliopinda unakupa sehemu nyingi za kubadilisha mikono, wakati ulionyooka baada ya saa mbili viganja vinaanza ganzi. Mwendo wa taratibu hutaona faida hiyo, utaona shingo tu.

Kabla hujalipa panda, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuegemea upande, hapo siti iko sawa. Na bakiza hela ya pampu yenye geji, kwasababu tairi nyembamba inapoteza upepo ndani ya wiki tu, na valvu zake nyembamba hazishikani na pampu za magari bila adapta, iweke mfukoni kabisa.