Kuhama kazi si usaliti, ila hama kwa utaratibu

Pole mdogo wangu. Miezi 14 unaandika programu kwenye kampuni hiyo, umepata ofa nono kwingine, na mzee wako, baba, anakuona msaliti ukihama. Usibishane naye, kwa kizazi chake, kuvumilia ndiko kulikoleta pensheni. Mwonyeshe kuwa michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni, inaendelea hata ukibadili mwajiri. Mimi nilimfungulia baba taarifa yangu kwenye simu: akavaa miwani, akahesabu mwezi kwa mwezi, akatulia.

Sasa mkataba, usome wote. Kama unalipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inataka notisi ya siku zisizopungua 28, kwa maandishi. Kama mkataba ni wa muda maalumu, au kampuni ilikusomesha, mwone wakili kwanza, unaweza kudaiwa fidia. Na usiage kabla hujasaini ajira mpya.