Moyo kulia, uvimbe kwenye pafu: upasuaji wa matundu madogo unawezekana

Mkuu, pole na mgonjwa. Umeuliza kama kaka yako, aliyekutwa moyo uko kulia na ini kushoto, anaweza kutolewa uvimbe wa saratani kwenye pafu kwa matundu madogo na kamera. Anaweza. Shangazi yangu wa Nansio ana maumbile hayo hayo na alifanyiwa.

Watu hawa ni wachache, kama mmoja kati ya 10,000, na wengine huzeeka bila kujua. Shangazi alijua ukubwani, baada ya kikohozi kilichogoma hata kwa dawa za TB alizoanzishiwa. Alipanda kivuko kuja Mwanza, akapigwa eksirei, na mpiga picha akadhani filamu imegeuzwa. Ikabidi irudiwe ikiwa na alama ya upande. Ndiyo maana nasema hivi: kugeuka kwa viungo hakuzuii upasuaji. Cha kuogopa ni mmoja wa wanaomhudumia kutojua.

Pafu la kulia kwa kawaida lina vipande vitatu, la kushoto viwili. Kwa waliogeuka kabisa ni kinyume chake. Daktari wa upasuaji akiingia kushoto anakuta ramani aliyoizoea kulia, hivyo anabadili hata mahali pa kusimama na pa kutoboa. Mishipa ya pafu hutofautiana hata kwa watu wengine, kwa hiyo ombeni siti skani yenye dawa ya mshipani, ikiwezekana itengenezwe picha ya pande tatu kabla ya siku ya upasuaji.

Daktari wa usingizi msimsahau kabisa! Pafu linalopasuliwa husimamishwa, mgonjwa akapumulia lile jingine kupitia mrija wa njia mbili. Wagonjwa wengi huwekewa mrija wa kushoto, yaani ule unaoingia njia ya hewa ya kushoto, kwa sababu njia ya hewa ya kulia ni fupi na tawi lake la juu huchomoza mapema. Kwa kaka yako hiyo fupi iko kushoto. Mrija wa mazoea unaweza kuliziba tawi hilo. Kwa shangazi waliuhakiki kwa kamera nyembamba kabla ya kuanza.

Tena, kama ana mafua na makohozi tangu utotoni, semeni mapema. Baadhi ya waliogeuka vinyweleo vya njia ya hewa havisukumi makohozi, na kifua chao kinahitaji kusafishwa kabla na baada ya upasuaji.

Kwa Kanda ya Ziwa anzieni hospitali ya Bugando, Mwanza. Barua ya rufaa iandikwe juu kabisa kwamba viungo vimegeuka, na CD ya picha aishike mwenyewe.

Kitakachoamua zaidi ni saratani imefika wapi, maana ikishasambaa tiba huwa nyingine. Siti skani ameshapiga? Wamesema uvimbe uko pafu gani na tezi za katikati ya kifua zikoje? Ukipata majibu weka hapa.