Kabati la DDA na ufunguo wake

Mfamasia, kituo chetu kimepata fedha za kabati la DDA, yaani la kufungia dawa kali za maumivu zinazodhibitiwa kisheria, kama morfini na pethidini. Ninunue dukani au nimpe fundi wa kuchomelea? – Muuguzi mfawidhi, Tanga

Fundi anatosha, ila msimamie. Bamba liwe la geji 16, kama milimita moja na nusu, na bawaba zikae ndani. Zikiwa nje, mwizi hana haja na kufuli, anang'oa pini tu. Weka milango miwili, kila mmoja na ufunguo wake. Nasisitiza wake: nimewahi kukuta kabati ambalo ufunguo mmoja ulifungua milango yote, kumbe kufuli zilitoka pakiti moja!

Kisha ukuta. Kabati dogo lisilofungwa ukutani ni sanduku la kubebea. Toboa kutoka ndani ya kabati, kaza boliti nne za kupanuka kwenye zege au tofali la saruji, si kwenye jipsamu. Na huko pwani usikubali rangi ya brashi, kutu itakuaibisha. Omba ya poda.

Ukubwa? Dogo. Kubwa huishia kutunza pochi na simu za watumishi, na kila anayefuata simu yake anaomba ufunguo.

Ufunguo akae nao nani? – Muuguzi, Dodoma

Wa zamu, tena mwilini, si kwenye droo. Mkikabidhiana zamu, hesabuni ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) mkiwa wawili, mlinganishe na rejista, mtie sahihi. Wa akiba ukae kwa mfawidhi, kwenye bahasha iliyofungwa.

Kufuli la namba je? – Mwenye zahanati, Mwanza

Silipendi. Betri hufa usiku wa manane, na namba huenea. Ukiling'ang'ania, badilisha namba kila mtumishi anapohama.

Lorazepamu ya sindano, dawa ya degedege inayodhibitiwa pia, inataka nyuzi 2 hadi 8. Niifungie wapi? – Mteknolojia dawa, Morogoro

Kisanduku cha chuma chenye kufuli, kifungwe kwenye rafu ya friji ya dawa. Friji yenyewe usiitoboe, utapasua mirija ya gesi.

Mama anatumia morfini ya maji nyumbani, na wajukuu wamejaa. – Binti, Temeke

Pole, dada. Sanduku dogo la fedha lenye ufunguo, juu kabatini, mbali na chupa za soda, latosha. Andika kila dozi. Ufunguo akae nao anayelala na mama, maana maumivu hayangoji asubuhi.